Mwenyewe hayupo: kwa nini mwenye duka hamjibu karani

ASUBUHI moja nilikuwa nimeketi katika kibanda cha chai sokoni Mayoni, kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma, nikisubiri matatu. Duka la pili kutoka pale ndiyo kwanza lilikuwa linafunguliwa. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa akifagia kibaraza huku akipanga madebe ya mafuta ya kupikia mlangoni. Mara akatokea kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi barabara, kitambulisho kikining'inia kifuani na rundo la karatasi kwapani. Alikuwa karani wa utafiti wa biashara.

"Mulembe, mama," akaamkia. "Namtafuta mwenye duka hili."

"Mwenyewe hayupo, kijana wangu," mama akajibu bila kusita, ufagio ungali mkononi.

"Atarudi lini?"

"Hilo siwezi kujua. Alisafiri."

Kijana akaandika neno moja kwenye karatasi yake, akashukuru, akaelekea duka la jirani. Huko nako mwenyewe alikuwa amesafiri. Kwa fundi wa baiskeli, mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kwenye kisiagi cha mahindi, mwenyewe alikuwa matangani. Ilipofika saa nne, Mayoni ilikuwa imegeuka soko la biashara zisizo na wenyewe. Kijana alipotokomea, yule mama aliugeukia upande wetu tuliokuwa tukinywa chai, akasema kwa sauti ya chini: "Huyu akishaandika, nani atakuja nyuma yake?"

Msomaji mpendwa, nimelitafakari swali hilo kwa siku nyingi, nami nimekata shauri kwamba mama yule hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amepiga hesabu upesi upesi, kama anavyoipiga anapompimia mteja sukari. Kumjibu karani kungemgharimu muda, na huenda baadaye kukamgharimu pesa. Kumkwepa hakungemgharimu chochote. Nani kati yetu angechagua vingine? Hata hivyo, hesabu hiyo iliyo sahihi kwa duka moja ni hasara kwa soko zima. Nia yangu leo ni kuieleza hasara hiyo, na kuonyesha kwamba tiba yake, kwa sehemu kubwa, imo katika namna ya kuuliza.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara mmoja mmoja, lakini inaihusu nchi vilevile. Mwaka wa 1999 ulifanywa utafiti wa kimsingi wa biashara ndogo nchini Kenya, ukakadiria kwamba zilikuwako biashara milioni 1.3 zilizowapa kazi watu milioni 2.4. Mwaka wa 2016 Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitoa matokeo ya utafiti mpana wa biashara ndogo na za wastani. Safari hiyo makadirio yalikuwa biashara milioni 7.41, zenye kuwapa kazi watu milioni 14.9. Kati ya biashara hizo, milioni 1.56 ndizo zilizokuwa na leseni, milioni 5.85 hazikuwa nayo.

Tafiti hizo mbili hazikupima mambo yaleyale hasa, na si haki kuziweka bega kwa bega kana kwamba ni pacha. Lakini hebu tuyatazame yaliyopita katika miaka 17 iliyozitenga. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007. Katiba mpya ilipitishwa mwaka wa 2010. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013. Watoto waliozaliwa wakati wa utafiti wa kwanza walikuwa tayari wanasaidia kuuza madukani. Utafiti wa 2016 ulitufunulia pia kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano, na kwamba takriban asilimia 46 ya hizo zilikufa kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Misiba mingi kiasi hicho hutokea kimyakimya, bila tanzia gazetini.

Watu wa Mayoni wanaijua misiba ya aina hiyo. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka wa 1971, na kiwanda chake kikaanza kusaga miwa mwaka wa 1973. Katika miaka yake ya neema kilitoa zaidi ya nusu ya sukari iliyotengenezwa humu nchini. Malipo ya miwa yalipotoka, mabati, sare za shule, baiskeli na unga vilinunuliwa katika masoko kama hili. Malipo yalipochelewa, vitabu vya madeni vilijaa madukani. Kisha, Septemba 2019, kampuni ikakabidhiwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai, na mwishoni mwa mwaka wa 2021 kiwanda kikakodishwa.

Masaibu ya kampuni yenyewe yaliandikwa sana, maadamu hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka wa 2001, na kampuni ya namna hiyo hulazimika kutangaza hesabu zake hadharani. Cherehani iliyonyamaza Mayoni haina hisa sokoni. Kibanda cha chai kilichofungwa hakitangazi hesabu zake. Habari zake zitajulikana tu iwapo mtu atapita na kuuliza, na iwapo atakayeulizwa atakubali kujibu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Tafiti za biashara hazimhoji kila mtu; huchukua sampuli. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja tu, lakini kwanza hukoroga chungu. Asipokoroga, kijiko humdanganya. Wenye maduka wanaokubali kujibu si sawa na wanaojificha. Anayejibu aghalabu ana leseni ukutani na msaidizi wa kumshikia duka. Anayejificha ndiye mdogo zaidi, mwenye madeni zaidi, anayehofu zaidi kuguswa. Kwa hiyo kila "mwenyewe hayupo" humwondoa chunguni mtu yuleyule ambaye sera ingepaswa kumfikia kwanza. Serikali inapobuni mikopo kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, kama vile Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, au kaunti inapopanga ada za leseni, hupima kwa kijiko hicho hicho. Mtu asiyeonekana katika takwimu hukatiwa nguo kwa kipimo cha mwenzake.

Basi mbona watu wanajificha? Jibu la kwanza limo katika historia. Utawala wa Waingereza ulianza kutoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kodi hiyo haikutozwa kabla nyumba hazijahesabiwa. Katika miaka ya 1920 wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, cheti kilichoandikwa jina la mtu na habari za kazi yake, ambacho wengi walikivaa shingoni. Babu zetu walijifunza kwamba aliyeandikwa jina hakukawia kudaiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jibu la pili ni la leo. Anayekuja kudai leseni huanza kwa kuuliza jina. Anayekuja kukagua usafi huanza kwa kuuliza jina. Anayekuja kwa niaba ya kodi huanza vivyo hivyo, na hata tapeli amejifunza kuanza hivyo. Karani wa takwimu naye anapofungua kwa, "Jina lako ni nani, na unauza nini?" mwenye duka atamtofautishaje na hao wengine? Kitambulisho kifuani hakimsaidii, kwa kuwa kila mmoja wao huja amekivaa.

Wapo watakaosema kwamba sheria imemaliza mjadala. Sheria ya Takwimu ya mwaka wa 2006, ndiyo iliyoliunda shirika la KNBS, inawataka wananchi watoe habari kwa ajili ya takwimu za taifa, na wakati huohuo inalinda siri ya habari za mtu mmoja mmoja. Siidharau hoja hiyo, kwa maana wajibu wa kisheria una nguvu zake. Nchini Kanada, serikali iliamua kwamba hojaji ndefu iliyoambatana na sensa, ambayo mwaka wa 2006 ilikuwa ya lazima, iwe ya hiari mwaka wa 2011. Waliojibu wakapungua kutoka zaidi ya asilimia 93 hadi karibu asilimia 69. Ilipofika mwaka wa 2016 hojaji ile ilirudishwa kuwa ya lazima, na majibu yakarudi.

Lakini Kanada si Mayoni. Sheria humtisha mtu mwenye anwani, mwenye faili na mwenye jambo la kupoteza. Kampuni kubwa ya Nairobi ikipata barua ya takwimu humkabidhi mhasibu, naye hujibu maana anajua sheria na anajua inakopatikana kampuni yake. Biashara milioni 5.85 zisizo na leseni hazina mhasibu. Kumtishia mwenye kibanda kwa jina la sheria ni kumthibitishia kile alichokishuku tangu mwanzo: kwamba nyuma ya karani kuna askari.

Hapo ndipo elimu ya mienendo ya watu inapoweza kutufaa. Wasomi wa elimu hii huchunguza jinsi binadamu wanavyoamua mambo kwa kweli, wakiwa na haraka, hofu, mazoea na usahaulifu wao. Daniel Kahneman alituzwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka wa 2002, na Richard Thaler mwaka wa 2017. Nchini Uingereza kiliundwa kikosi maalumu serikalini mwaka wa 2010 ili kuitumia elimu hii katika shughuli za umma. Mojawapo ya majaribio yaliyovuma ni la kuwaandikia waliochelewesha kodi kwamba watu tisa kati ya kumi hulipa kwa wakati. Nairobi nako, tangu mwaka wa 2011, ipo taasisi iitwayo Busara ambayo imekuwa ikifanya majaribio ya namna hiyo katika mazingira yetu wenyewe.

Tena elimu hii si ngeni katika sehemu hizi za magharibi. Michael Kremer, aliyetunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, aliwahi kufundisha shule ya sekondari Kakamega katika miaka ya 1980. Baadaye yeye, Duflo na Jonathan Robinson walifanya utafiti Busia kuhusu mbolea. Wakulima wengi walisema wanataka mbolea na wanajua faida yake, lakini ulipofika msimu wa kuitia hawakuwa na pesa tena. Watafiti wakajaribu jambo dogo: badala ya kungoja msimu wa kupanda, walimwendea mkulima mara baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mfukoni, wakampa nafasi ya muda mfupi ya kulipia mbolea na kuletewa bila nauli. Matumizi ya mbolea yaliongezeka. Mkulima alikuwa yuleyule na bei ya mbolea ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni saa ya kuulizwa na urahisi wa kukubali.

Tulirudishe funzo hilo sokoni. Karani wetu alimwendea mama saa ya kufungua duka, kabla hajauza hata kibiriti. Hiyo ni saa ya kuchukia kila mgeni asiyenunua. Laiti angekuja saa nane mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua, au laiti angepita jana yake kuomba miadi na kumwachia mama achague saa mwenyewe! Mtu aliyechagua saa kwa kinywa chake huona haya kusema kwamba amesafiri.

Funzo la pili lahusu ukarimu. Mwaka wa 1992 watafiti wawili wa Marekani, Jeannine James na Richard Bolstein, walichapisha jaribio lililofanywa miongoni mwa wenye kampuni ndogo za ujenzi. Wengine walitumiwa hojaji ikiwa na dola 1 ndani ya bahasha, wajibu wasijibu. Wengine waliahidiwa dola 50 wakishajibu. Dola 1 iliyotangulia ilileta majibu mengi kuliko dola 50 zilizoahidiwa. Ukilitazama kwa jicho la mchumi wa vitabuni, jambo hilo ni kioja. Ukilitazama kwa jicho la mwanakijiji, ni jambo la kawaida kabisa. Ahadi ni ujira, na ujira hupimwa kama unatosha. Zawadi iliyotangulia ni heshima, na heshima hudai heshima. Mkono mtupu haulambwi.

Funzo la tatu lahusu maneno ya kumtoa mtu hofu. Mtu angedhani kwamba kadiri karani anavyoapa kwamba habari zitakuwa siri, ndivyo anavyoaminiwa. Eleanor Singer na wenzake walionyesha katika makala ya mwaka wa 1992 kwamba uhakikisho mrefu wa siri waweza kupunguza hamu ya kushiriki, kwa kuwa humfanya mtu ashuku kwamba ataulizwa mambo mazito. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba uhakikisho husaidia pale maswali yenyewe yanapogusa siri kweli. Kwa hiyo uhakikisho uwe mfupi, usemwe pahali pake, yaani kabla ya swali la mapato, na uwe wa kweli. Anayebisha hodi usiku huku akirudia, "Usiogope, usiogope," humtia mwenye nyumba woga kuliko anayetaja jina lake na kutulia.

Funzo la nne lahusu mfano wa wengine. Barua za kodi za Uingereza zilifaa kwa sababu zilitaja ukweli kwamba wengi hulipa. Ukweli wa kinyume huleta matokeo ya kinyume. Katika msitu wa miti iliyogeuka mawe huko Arizona, Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango ya kuwaonya wageni wasiokote vipande vya miti. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi wameviiba liliongeza wizi, maana liliwajulisha wasomaji kwamba kuiba ni desturi ya pale. Karani anayemlalamikia fundi wa baiskeli, "Mbona nyote hapa Mayoni hamtaki kujibu?" amebandika bango hilo kwa mdomo wake. Afadhali aanze na mtu mmoja anayeheshimika, kama mwenyekiti wa soko au mama aliyefanya biashara pale kwa miaka mingi. Huyo akishajibu mbele ya macho ya watu, na asipatwe na lolote, wa pili atajibu.

Funzo la tano ni la maswali yenyewe. Nimeona hojaji inayomtaka mwenye genge la mboga ataje mauzo yake ya mwaka, kisha gharama za mwaka, kimoja baada ya kingine, hadi ukurasa wa sita. Hata mhasibu angeomba kiti. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwachunguza wenye biashara ndogo nchini Sri Lanka, wakachapisha matokeo mwaka wa 2009. Waligundua kwamba watu hutaja mauzo yaliyopungua kwa takriban asilimia 30, na kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja, "Ulibakiwa na faida gani baada ya kulipa gharama?" huleta jibu lililo karibu zaidi na ukweli kuliko kumpitisha katika msururu wa maswali ya mauzo na matumizi. Kwa maneno mengine, swali fupi halimheshimu mjibuji tu, bali pia huleta takwimu iliyo bora.

Najua kuna msomaji ambaye sasa amekunja uso. Atauliza: je, haya yote si ujanja wa kumlaghai mama wa watu atoe siri zake? Huu si msukumo wa kumwingiza mtu asikotaka? Pingamizi hili ni la haki, na wasiolijibu hawastahili kupewa hojaji. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya adabu na ulaghai iko katika jambo moja: je, mtu angekasirika akielezwa ulichofanya? Ukimwambia mama kwamba ulikuja saa nane kwa sababu hakuna wateja, atakushukuru. Ukimwambia kwamba ulifupisha maswali ili asichoke, atakushukuru. Lakini akigundua kwamba majibu aliyompa karani wa takwimu yaliishia mezani pa mtoza kodi, hatakasirika peke yake. Atalieleza soko zima, na soko litawaeleza wajukuu, kama sisi tulivyoelezwa habari za kipande. Sheria ya Takwimu inalinda siri hiyo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imeongeza ulinzi. Sheria hizo zikivunjwa mara moja, hakuna hekima ya mienendo itakayoziba ufa. Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma.

Basi nini kifanyike pahali kama Mayoni? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Kwanza, karani aje mikononi na daftari la hesabu, la mistari, lenye safu za mauzo, matumizi na madeni. Ampe kila mwenye biashara, ajibu asijibu, na lisiwe na picha wala jina la mwanasiasa yeyote, maana watu wetu wamezoea zawadi zinazodai kura. Gharama yake ni ndogo, na ni kitu kinachomfaa mpokeaji tangu siku hiyo. Tena atakaporudi mwaka ujao, huenda akakuta hesabu imeandikwa, na jibu lisitoke kwenye kumbukumbu tupu.

Pili, karani awe mtu anayejulikana upande ule, anayekijua Kiluwanga na anayeweza kueleza ametumwa na nani na kwa nini kabla ya kuuliza jina la mtu. Jina lenyewe liulizwe mwishoni, iwapo linahitajika. Kwa takwimu nyingi halihitajiki mapema kiasi hicho.

Tatu, maswali yapunguzwe hadi yatoshe ukurasa mmoja kwa biashara ndogo, na yaulizwe kuhusu jana na wiki iliyopita, mambo ambayo kichwa cha mtu kinaweza kuyabeba. Makampuni makubwa yaachiwe hojaji ndefu; wao wana makarani wao.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, matokeo yarudishwe sokoni. Sijapata kuona popote, katika masoko niliyopita, karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko ikisema: mlituambia haya, na haya ndiyo tuliyojifunza. Matokeo husafiri kwenda Nairobi, huzinduliwa hotelini, huwekwa katika kitabu kizito cha Kiingereza. Mwenye duka aliyetoa habari huwa wa mwisho kuzisikia, kama atazisikia kamwe. Itamkaje akilini kwamba kujibu kuna faida, ilhali faida hiyo hajawahi kuiona? Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha: biashara ngapi zimefunguliwa upande huu, ngapi zimefungwa, nini kiliziua, na mwenye cherehani wa kawaida hubakiwa na kiasi gani kwa wiki. Hakuna jina la mtu humo. Mama wa dukani angeusoma, akajipima, akajua kama anakwenda mbele au nyuma kuliko wenzake. Hapo kujibu kungeacha kuwa hisani anayoifanyia serikali, kukawa biashara yake mwenyewe.

Nasisitiza hili la nne kwa sababu mafunzo mengine yote, ya saa, ya zawadi na ya maneno, yanaweza kuufungua mlango mara moja tu. Mwaka wa kwanza mama atajibu kwa sababu karani ni mpole na daftari ni zuri. Mwaka wa pili ataangalia kilichofuata. Asipoona kitu, atakuwa na daftari na bado atakuwa amesafiri.

Siku ile niliingia kwenye matatu kabla sijamjibu yule mama swali lake. Huyu akishaandika, nani atakuja nyuma yake? Kwa muda mrefu jibu limekuwa mtoza kodi, askari, au hakuna mtu kabisa. Ningependa siku moja jibu liwe: karani yuleyule, saa nane mchana, ameshika ukurasa wenye habari za Mayoni. Siku hiyo nina hakika atamkuta mwenyewe.